Gari Litakalombeba Bibi Harusi

Siwema alikuwa na miaka sita. Asubuhi hiyo alikuwa na kazi.

Alisimama pembeni mwa uwanja wa zamani wa ndege. Ndege zilikuwa hazitui tena hapo. Njia yake ilikuwa ndefu, na haikuwa na kona.

Magari mawili ya mbio yalisimama kwenye mstari. Jekundu lilikuwa la Mama. La buluu lilikuwa la Mjomba Sefu.

Mchana, mdogo wao angeolewa. Huyo ni Mama Mdogo Rukia. Mama na Mjomba, kila mmoja alitaka kumpeleka harusini kwa gari lake.

"Mimi ndiye mkubwa," alisema Mama.

"Mimi ndiye mwenye gari linalokimbia," alisema Mjomba.

"Lipi? Hicho kijiko chako?"

"Kijiko! Dada, leo utakula vumbi."

Mama Mdogo alicheka. "Basi shindaneni. Litakalofika kwanza, ndilo nitakalopanda."

Mama Mdogo alikwenda kusimama mwisho wa njia, karibu na pipa. Hina yake ilikuwa haijakauka. Alitembea mikono mbele, vidole vimetanuka.

"Nikiinua mkono mmoja, limeshinda jekundu!" alisema. "Nikiinua miwili, limeshinda la buluu!"

Siwema alijua anataka nini.

Gari la Mama lilikuwa na kiti kidogo nyuma. Mama akishinda, Siwema atakaa hapo na kumshikia bibi harusi shela.

Gari la Mjomba lilikuwa na viti viwili tu. Mjomba akishinda, Siwema hana nafasi.

Siwema aliinua kanga juu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Moja. Mbili. Tatu. Kanga chini!
Vuuum!

Gari jekundu liliruka mbele.

Gari la buluu lililia, fiiiii! Magurudumu yalizunguka, gari likabaki palepale. Kisha nalo likaondoka.

Kule mbali, Mama Mdogo aliinua mkono mmoja.

"Jekundu!" Siwema alirukaruka. "Nitashika shela! Nitashika shela!"

Magari yalirudi polepole kwenye mstari. Mjomba alishusha kioo. Hakutania tena.

"Sijui lina nini leo," alisema. "Limenitia aibu."

"Tunarudia mara moja," alisema Mama. "Ukishindwa tena, basi, yamekwisha."

Siwema aliinua kanga. Kisha akatazama chini.

Mbele ya gari la Mjomba palikuwa na mchanga. Mchanga mwembamba, ulioletwa na upepo.

Mbele ya gari la Mama hapakuwa na mchanga. Palikuwa na lami tupu.

Mama hakuuona. Mjomba hakuuona. Mama Mdogo alikuwa mbali. Siwema peke yake ndiye aliyeuona.

Injini zilinguruma. Mmm. Mmm. Mmm.

"Moja," alisema Siwema. Aliwaza juu ya shela.

"Mbili," alisema Siwema. Alimtazama Mjomba. Mjomba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

Siwema hakusema tatu.

Injini ziliendelea. Mmm. Mmm. Kanga ilibaki juu.

"Siwema!" Mama aliita. "Vipi tena, mwanangu?"

"Kuna mchanga," alisema Siwema.

"Wapi?"

"Kwa Mjomba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwako hakuna."

Mama alizima gari. Mjomba naye alizima lake. Wote wawili walishuka, wakainama na kupapasa lami.

"Dada," alisema Mjomba, "ulijua?"

"Ningejua ningenyamaza? Nani alichagua upande huu?"

Mjomba alijikuna kichwa. "Mimi."

"Basi mbio za kwanza hazihesabiwi," alisema Mama. "Nikikushinda, nataka nikushinde kweli."

Hapakuwa na ufagio. Mama alitoa zulia la miguuni kwenye gari lake. Mjomba alitoa la kwake. Walipiga magoti, wakafuta. Fyu, fyu, fyu. Mchanga ukaisha.

"Mnafanya nini huko?" Mama Mdogo alipiga kelele kutoka kule karibu na pipa. "Hina imeshakauka!"

Siwema aliinua kanga juu.

Moja. Mbili. Tatu. Kanga chini!
Vuuum!

Safari hii magari yote mawili yaliondoka pamoja. Yalikwenda sawa. Sawa. Sawa.

Karibu na pipa, gari la buluu lilitoa pua mbele.

Mama Mdogo aliinua mikono miwili.

Siwema alikunja kanga. Akaikunja tena. Ikawa ndogo sana.

Mama alirudi, akachuchumaa mbele yake.

"Tumeshindwa," alisema Mama.

"Ni pua tu," alisema Siwema.

"Pua ni pua, mwanangu." Mama alimfuta chozi kwa kidole. Wakaingia garini.

Mchana, msafara wa harusi ulitoka. Piii! Piii! Gari la buluu lilikuwa mbele, limefungwa maua. Lilikwenda polepole kama kobe.

Siwema alikuwa nyuma, kwenye gari la Mama. Aliona shela jeupe kupitia kioo. Lilikuwa mbali.

Ukumbini watu walikuwa wengi. Bibi harusi alikaa juu ya jukwaa, kwenye kiti kirefu. Mjomba alikuwa amemsimulia kila kitu njiani.

"Yuko wapi aliyeuona mchanga?" aliuliza bibi harusi.

Siwema aliinua kidole.

"Njoo hapa! Shela hili limejaa kiti kizima. Nani atanishikia?"

Siwema alipanda jukwaani. Alikaa karibu kabisa na Mama Mdogo. Alishika shela kwa mikono miwili.

Ngoma zilipigwa. Watu walicheza. Mjomba alimsimulia kila mtu habari za pua ya gari lake, na Mama akasema, "Kijiko ni kijiko tu."

Macho ya Siwema yalianza kuwa mazito. Kichwa chake kililala kwenye bega la bibi harusi.

Mama alikuja kumbeba.

"Mwache, Dada," alinong'ona Mama Mdogo. "Hapa ndipo alipotaka kukaa."

Siwema alilala. Shela halikumtoka mikononi.