Dakika Saba za Kimya

Kengele za baiskeli zote mbili Timothy alizifungua kwa spana pale pale kwenye lango la hifadhi, akazitia katika mkoba mdogo chini ya tandiko lake. Friwili za magurudumu ya nyuma alikuwa amezishindilia grisi tangu jana yake, zisilie wakati wa kuteremka. Hoteli ya Diani iliyowatuma ilitaka video ya barabara tulivu za vilima vya Shimba, kwa ajili ya wageni wanaokimbia makelele ya miji yao. Dakika saba mfululizo, bila sauti ya binadamu.

"Saba tu, siz," alimwambia Mwanarusi huku akikaza mikanda ya kamera kifuani pake. "Ukikohoa, tunaanza upya. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, kaka."

Mwanarusi alizaliwa upande wa pili wa vilima hivyo, katika kijiji kinachopakana na ua wa umeme wa hifadhi. Kwao mtu hapiti msituni kimya. Unapiga mbinja, unakohoa, hata ukipenda unamtukana shemeji yako ambaye hayupo, ili mradi ndovu akusikie ungali mbali akupishe. Hayo aliyajua kabla hajajua kusoma. Lakini masomo yake yaliishia shule ya msingi, na Timothy, mtu wa Bungoma, alikuwa na cheti cha kuongoza watalii. Tena kwa Mwanarusi hii ilikuwa wiki ya tatu tu kazini.

Baada ya kilomita nne Timothy aliiacha barabara waliyoiandikisha kwa askari wa lango.

"Kaka, tuliandika tutapita kule."

"Kule kuna magari. Hii ya zamani ndiyo imetulia. Twende, kamera inawaka."

Wakateremka. Njia ilikuwa ya changarawe nyekundu, miti imeifunika pande zote mbili, na baiskeli zilikwenda kama zinazovutwa kwa uzi. Mwanarusi alikuwa nyuma. Aliona tawi limevunjwa, jeraha lake bado bichi. Mbele kidogo akaona kinyesi cha ndovu, rundo zima, kinatoa mvuke. Akavuta pumzi aseme. Akazikumbuka zile dakika. Alikadiria imebaki moja, labda moja na nusu.

Akangoja.

Kwenye kona ndovu jike alikuwa amesimama katikati ya njia, mtoto wake chini ya tumbo. Hakuwa amesikia chochote. Aligeuka na kupiga ukelele uliowatikisa mbavu. Timothy alikata kushoto, baiskeli ikanasa kichakani, yeye akapita juu ya usukani na kuporomoka korongoni. Mwanarusi aliitupa yake akajirusha nyuma yake, miiba ikimchana uso, hadi mti ulipomzuia. Huko juu walisikia chuma kikipondwa. Haikuwa kwa haraka. Ilikuwa kama mtu anayetwanga.

Timothy alikuwa amelala chali. Mfupa wa mguu wa kulia ulikuwa umetokeza chini ya goti.

"Mguu wangu uko aje?"

"Upo."

"Usinidanganye."

"Upo, kaka. Usiutazame."

Simu yake ilikuwa imepasuka vipande viwili, na ya Mwanarusi ilibaki kwenye baiskeli. Walikuwa na chupa moja iliyoporomoka nao, maji nusu, spana katika mfuko wa Timothy na tyubu ya akiba aliyoivaa begani. Mwanarusi alikata vijiti viwili, akaupanga mguu katikati na kuufunga kwa tyubu. Timothy aliuma mkono wa shati mpaka ukatoboka.

"Panda juu ukaite watu," alisema alipoweza kusema.

Mwanarusi alipanda kwa tumbo hadi karibu na ukingo. Ndovu hawakuwa wawili tena. Aliona ndovu sita, saba, na mtoto akichezea gurudumu. Akarudi chini.

Ilikuwa Februari. Jua lilipopanda, korongo lote likawa kama chungu kilichofunikwa. Walikunywa kwa kizibo, kizibo kimoja kila mmoja, na Mwanarusi alipokifikisha chake mdomoni alilowesha ulimi tu, akayarudisha maji kwenye chupa Timothy asimwone. Alasiri walisikia gari. Lilikuwa mbali, ng'ambo ya kilima, kwenye ile barabara waliyoiandikisha. Walipiga kelele wote wawili. Gari likasimama, wakasikia hata mlango ukifunguliwa. Kisha ukafungwa.

"Wanatutafuta mahali tuliposema tutakuwa," alisema Mwanarusi.

Timothy aligeuzia uso wake ardhini. Jua likachwa, na usiku ule ndovu hawakuondoka.

Asubuhi ya pili chupa ilikuwa tupu. Mguu ulikuwa umevimba mpaka tyubu ikazama katika nyama, na nzi walijua njia. Timothy alikuwa anaweweseka, akiongea Kibukusu cha kwao na mama yake.

Juu hakupandiki. Mwanarusi alimpitisha mkono kwapani akaanza kumburuta kufuata mkondo mkavu wa kijito, hatua tano, kupumzika, hatua tano. Alichimba mchanga mpaka kiwiko kikazama. Ulikuwa na unyevu, lakini maji hayakutoka. Aliutia mdomoni, akaufyonza, akautema.

Kwenye mpindo wa tatu walikuta bomba.

Lilikuwa bomba kuukuu la chuma, nene kama mwili wa mtu, limekatiza mkondo juu ya nguzo za saruji. Mwanarusi alilishika, lilikuwa baridi. Akaweka sikio. Ndani, maji yalikuwa yanapita kwa wingi, yanakwenda zake kwenye mifereji ya watu wanaoosha vyombo.

Alichukua jiwe akapiga. Jiwe likapasuka. Akachukua jingine, kubwa zaidi. Bomba halikubonyea hata kidogo. Hapo ndipo alipolia, na alishangaa kuona bado ana machozi.

Chini ya bomba palikuwa na jasho jembamba la baridi. Akavua mtandio, akapangusa urefu wote aliofikia, akaukamulia katika mdomo wa Timothy. Matone manne. Akapangusa tena. Matone mawili.

"Usiniache, Rusi," alisema Timothy, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Siendi popote."

Akaitoa spana akalipiga bomba kwa hasira tu, kama mtu anavyompiga punda asiyetaka kwenda. Chuma kililia, na ule mlio ukaondoka, ukaifuata njia yake ndani ya msitu. Mwanarusi aliweka sikio. Ulikuwa bado unakwenda.

Akapiga tena. Mara tatu, kituo. Mara tatu, kituo. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, akabadilisha mkono. Jua lilifika utosini. Wakati fulani alimwita Timothy na Timothy hakuitika. Hakugeuka kumtazama. Aliendelea kugonga, akijua kwamba huenda anamgongea maiti, na kwamba akisita atalazimika kuhakikisha.

Sauti ya mtu iliwafikia kabla mwenyewe hajaonekana.

"Leo nimewapata! Wezi wa maji, mnatoboa bomba mchana kweupe! Hamna haya? Hamna mama?"

Alitokeza mtu mfupi mwenye buti za mpira na panga mkononi. Alikuwa Shutu, mlinzi wa bomba, na alikuwa ametembea saa mbili akipanga matusi. Aliona damu kwenye spana. Panga likashuka.

"Lahaula," alisema.

"Shikamoo," alisema Mwanarusi, kwa mazoea. Sauti haikutoka, midomo tu.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu, mzima?"

"Sijui. Nimeogopa kumtazama."

Shutu alipiga magoti, akaweka kiganja mbele ya pua ya Timothy. Alikaa hivyo muda mrefu mno.

"Anapumua," alisema. "Kidogo. Gonga bomba, usiache, mimi nakimbilia askari."

Baada ya wiki tano Mwanarusi alikwenda kumwona hospitalini. Shuka upande wa kulia lilikuwa limelala bapa kuanzia goti. Kioo cha kamera kilikuwa kimevunjika, lakini kadi yake ilipona, na Timothy alikuwa ameitia katika simu mpya.

"Nimeiangalia peke yangu mara nyingi," alisema. "Keti."

Wakatazama. Changarawe nyekundu, miti, ndege mmoja. Ilikuwa nzuri kweli, vile hoteli ilivyotaka. Ilipofika dakika ya tano na sekunde arubaini, mtu nyuma ya kamera alivuta pumzi, kwa nguvu, kama anayetaka kusema. Kisha kimya.

Timothy alirudisha nyuma. Ile pumzi tena.

"Ulitaka kusema nini hapa?"

"Unajua."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema saba."

Timothy aliirudisha video tena, na safari hii pumzi ilipofika Mwanarusi alisema kwa sauti kubwa, wagonjwa wakageuka vitandani, "Kaka, kuna ndovu!"

Kwenye simu baiskeli ziliendelea kuteremka, taratibu, kuelekea konani.