Uvimbe Uliokataa Kuzimwa

Ilianza na harufu. Chumba cha kompyuta kilinuka nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko, na Bingwa, ambaye hajawahi kukosa mtu wa kumlaumu, akamgombeza mfagizi.

Jina hilo alijipa mwenyewe. Wenzake walilitumia ili wapate kucheka. Kazi yake ilikuwa kuotesha saratani ndani ya kompyuta: anaingiza picha za mgonjwa, uvimbe unakua kwenye skrini, anaupa dawa ya humo humo, madaktari wanaona ipi itafaa. Uvimbe wa kila mgonjwa huoteshwa mara mbili, kwa dawa na bila dawa, kisha ule wa bila dawa huzimwa. Kuuacha ni mwiko. Lakini ule wa bila dawa wa dada yake, dada aliyemlea kwa kufulia watu nguo, ulikua vizuri mno. Bingwa akauacha uendelee, apate kuwaringia wageni. Mtu mzima, hovyo!

Mchana huo dada akapiga simu, sauti chini. "Mdogo wangu, dawa haishiki. Uvimbe leo umetoa kitu kama kidole, kwa chini."

Bingwa akatazama skrini. Kidole kilikuwepo, kwa chini, tangu jana.

Akajaribu kuuzima, haukuzimika. Akachomoa plagi, na feni ikanyamaza, lakini skrini ikabaki inang'aa, na ule uvimbe ukaendelea kujaa polepole, huku kitu nyuma ya kioo kikivuta pumzi nzito kama ya mtu aliyeshiba, na harufu ikazidi, ikamwingia kooni, mpaka bingwa wa mabingwa akajikuta chini ya meza anamwita mama yake aliyekwisha kufa.

Shangazi yao ndiye aliyeleta mganga, dada akija nyuma taratibu. Mganga alinusa mara moja tu.

"Jini huyu hana kosa," alisema. "Aliambiwa akue bila dawa, anakua. Nani alimfungulia mlango?"

Shangazi akamtazama Bingwa. Bingwa akatazama viatu vyake.

"Hatoki mpaka apewe mwili mwingine," mganga akamwambia. "Weka picha yako mahali pa ya dada yako."

"Mwacheni," dada akanong'ona. "Nimemlea mimi. Nitakufa nao."

"Mmesikia?" Bingwa akadakia. "Amekataa mwenyewe!"

Shangazi akasonya. Mganga akaigeukia skrini. "Umewasikia wote wawili. Chagua."

Skrini ikawa nyeusi. Harufu ikakatika. Dada akajipapasa, akaanza kulia. "Umelainika! Jamani, kidole hakipo!"

Na nani alishangilia kuliko wote? Bingwa! "Si niliwaambia programu yangu ni kiboko?" Shangazi alimshika dada mkono, wakatoka, mganga nyuma yao. Bingwa akabaki ameinua mikono juu, kisha akaushusha mmoja haraka, maana kwapani palikuwa panamwasha. Alipojigusa, akakuta kinundu kigumu.

Plagi ilikuwa bado sakafuni. Skrini ikawaka, ikaonyesha kifua cha mwanamume, na chini yake maneno mawili: bila dawa.

"Dada!" akaita. "Dada, rudi unisaidie!"

Dada alikuwa ameshafika barabarani, anacheka na shangazi yake.