Wa Kumi Anashika Nyuma

Kikosi kilikuwa cha watu tisa, na mchezo wenyewe hauruhusu wa kumi. Fundi alilijua hilo vizuri, maana majina tisa yalikuwa yamepangwa kwenye pembe ya skrini, lake likiwa la kwanza. Lakini Jumamosi ile, alipowaagiza wenzake wajihesabu, kila mmoja akataja namba yake kwenye kipaza sauti mpaka tisa, na baada ya tisa sauti ya mwanamume ikasema taratibu, "Kumi. Nyuma kuko salama."

"Nani huyo analeta utani?" akauliza Fundi.

"Utani gani, Kapteni?" akajibu Mwokaji, rafiki yake wa mtaa wa pili, aliyekuwa akicheza kutoka kwake. "Wa tisa ni mimi, na baada yangu sijasikia mtu."

Fundi alikuwa mwanamke mtu mzima, mshonaji wa sare za shule, na karakana yake ilikuwa sebule ya nyumba ya baba yake. Siku sita alikaa kwenye cherehani. Jumamosi alasiri alisukuma vitambaa pembeni, akakigeuzia kiti kilekile upande wa kompyuta, akavaa vipokea sauti na kwenda vitani na marafiki zake. Walimpa uongozi kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka, na hilo la Kapteni lilikuwa kejeli tupu. Alikuwa akikimbia mbele kabla ya wote, wote wakamfuata, wote wakajibanza nyuma ya ukuta mmoja, na dakika tatu baadaye wote ni maiti.

Yule wa kumi ndiye aliyemtoa tongotongo.

"Usikimbie mbele," alimwambia. "Kiongozi anakaa pale anapowaona wote." Alimfundisha kukigawa kikosi: wanne wakimbie, watano wafyatue risasi ili adui asiinue kichwa, kisha wabadilishane. Alimfundisha kuisoma ardhi kabla ya kufyatua hata risasi moja, ajue mtaro uko wapi, mwinuko uko wapi, na watatokea wapi mambo yakiharibika. Na siku zote, alisema, mtu wa mwisho anatazama kule mlikotoka.

"Huyo unamwambia, shikilia hapo, nitakuita. Basi hatoki. Hatoki mpaka aliyemweka ataje namba yake na kumwambia, njoo kwangu. Hata iweje."

Wakaanza kushinda. Mwezi mzima wakashinda, na kichwa cha Fundi kikavimba, wala hakujisumbua kuuliza ni nani huyu asikikaye na yeye peke yake. Kilichomkera ni harufu tu. Kila Kumi alipozungumza, sebule ilinuka matope na buti zilizolowa, na katika chumba cha pili baba yake alianza kukohoa.

"Nani ameingia na viatu vya maji humo ndani?" mzee aliuliza kupitia mlangoni. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki sita.

Huyu baba mtaa mzima ulimwita Sajini. Zamani aliongoza kikosi cha askari, na heshima yake yote ilisimama juu ya jambo moja: alikwenda vitani na watu wake, akarudi na watu wake wote. Tisa walikwenda, tisa wakarudi. Picha yao ilitundikwa sebuleni, mkabala na kompyuta. Watu waliopita barabarani walimsalimu kwa kusimama.

Jumamosi ya tano walipigana kwenye mto wenye daraja la mbao. Fundi aliwavusha watu wake wawili wawili, akashinda, wenzake wakaaga mmoja mmoja wakatoka.

"Kumi, tumemaliza," alisema. "Na wewe toka."

"Siwezi. Niliambiwa nishikilie."

"Na nani? Mimi sijakuambia."

"Anakohoa chumba cha pili."

Harufu ya matope ilikuwa imejaa mpaka kooni, na ile sauti haikutoka tena kwenye vipokea sauti bali nyuma ya kiti, karibu na shingo yake, ikisema kwamba alikaa darajani siku tatu akitazama kule walikotoka, risasi zikaisha, mto ukajaa ukampanda magotini na kifuani, naye kila jani lilipotikisika alidhani ndiyo anaitwa, na alikuwa angali akisikiliza maji yalipomfika mdomoni.

"Sasa na wewe shikilia hapo, binti yake," ikamwambia. "Utainuka siku atakayoniita."

Skrini ikazima. Fundi alijaribu kusimama, na miguu yake haikumtii.

Kulipokucha Mwokaji alimleta mganga, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache. Hakufukiza kitu. Alichukua vipokea sauti, akaweka upande mmoja sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Huyu hafukuziki," alisema kwa sauti ya chini. "Aliwekwa. Aliyemweka ndiye atakayemtoa. Mzee, kikosi chako kilikuwa na watu wangapi?"

"Tisa," akasema Sajini.

Fundi alikuwa amekesha kwenye kile kiti, picha ya ukutani ikiwa mbele ya macho yake. Alikuwa ameitazama kuliko miaka yote aliyoishi nayo.

"Baba," alisema, "picha imekatwa kwa mkasi. Pale pembeni pamebaki kiwiko. Ni cha nani?"

Mzee akaketi. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa kwamba adui alikuwa karibu, kwamba kurudi darajani kungewamaliza wote, na kwamba waliobaki walikula kiapo kusema walikuwa tisa tangu mwanzo.

"Basi mwite," akasema mganga.

"Nikimwita atakuja."

"Ndiyo. Atakuja."

"Kesho," akasema Sajini. "Niache nijipe moyo."

Kesho yake hakuita. Alimletea bintiye chai na maji, akamfunika shuka, akamwambia vumilia mwanangu, kisha akatoka kunyoosha miguu. Kupitia dirishani Fundi alimsikia akisalimiwa. Shikamoo Sajini. Marahaba, marahaba. Hapo ndipo hasira ilipomwingia, hasira ambayo hajawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, maana ganzi ilikuwa imempanda mpaka kiunoni, nyayo zake zilikuwa zimevimba zikijikunja ngozi kama za mtu aliyesimama majini, na baba yake alikuwa nje akipokea heshima.

Siku ya tatu, alasiri, ganzi ilifika kifuani. Mwokaji alimshika mzee mkono pale mlangoni.

"Sajini, mtoto anakufa. Unamwona lakini?"

Mzee akavaa vipokea sauti. Hata hapo alijaribu kukwepa. "Kumi," alisema, "kazi imekwisha. Nenda kwenu ukapumzike." Baridi ikamfika Fundi shingoni, akafungua mdomo atafute pumzi, akaikosa, na kwa macho tu akamtazama baba yake, akamwona akiupima kwa jicho mlango wa nje, kisha akiupima mara ya pili, mpaka Mwokaji akaenda kusimama mbele ya ule mlango.

"Kumi," Sajini akanong'ona. "Njoo kwangu."

Kukasikika buti zenye maji ndani yake, zikitembea polepole kutoka nyuma ya kiti, hatua kwa hatua kuvuka sebule, na sakafuni hapakuonekana mtu, ila nyayo za matope zilizojichora moja baada ya nyingine, zikimrudisha mzee kinyumenyume mpaka chumbani kwake, na mlango ukafungwa kwa ndani. Hakupiga kelele. Fundi alipopata miguu yake, yeye na Mwokaji wakauvunja. Sajini alikuwa ameketi kitandani amekufa, nguo zimelowa mpaka kidevuni, uso umeelekea ukutani, kule nyuma, kama mtu wa mwisho aliyewekwa kulinda.

Mazikoni watu walisema alikuwa kiongozi asiyewahi kuacha mtu. Fundi hakuwasahihisha.

Miezi miwili baadaye Mwokaji alimbembeleza warudi mchezoni, hata kwa raundi moja. Akakubali. Akavaa vipokea sauti, akawaagiza wajihesabu, wakahesabu mpaka tisa. Kisha akasikia kikohozi.

"Kumi," sauti ya baba yake ikasema. "Mwanangu, huku kuna maji. Niite."

Fundi aliyajua maneno ya kumwita. Alijua pia kwamba akiyasema, baba yake atakuja kama alivyokuja yule. Akaitazama picha ukutani, akazitazama nyayo zake ambazo hazijarudi kuwa kama zamani, na zile salamu za dirishani zikamrudia zote, na marahaba zake.

"Shikilia hapo, Baba," alisema. "Nitakuita."

Akazima kompyuta, akakigeuza kiti upande wa cherehani. Kulikuwa na sare arobaini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa.