Patroni ya Mukabalisa

Mukabalisa na mume wake Munyakazi walikuwa na chumba kimoja cha kazi, mtaa wa Nyamirambo. Upande wa kulia Munyakazi alishona suti na kanzu. Upande wa kushoto Mukabalisa aliandika barua za watu kwa kompyuta. Mimi ni jirani yao. Ukuta wetu ni mmoja, kwa hiyo nasikia mambo yao hata nisipotega sikio. Na huwa nalitega.

Jumatatu moja ya mwaka 1992, saa mbili asubuhi, nilisikia Mukabalisa akipiga kelele.

"Baba Benon! Nani amegusa mashine yangu?"

Munyakazi alitoa pini mdomoni. Sauti yake ilikuwa na tabasamu, masikini.

"Mimi! Si ulilalamika inachelewa? Jana nimeisafisha. Sasa iko mpya, kama siku tuliyoinunua."

"Umeisafisha na nini?"

"Na zile disketi zilizokuja nayo. Nilimwona muuzaji akifanya. Unatia ya kwanza, unatia ya pili, mpaka ya mwisho. Mashine ikauliza: nitoe faili la zamani niweke jipya? Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Nikabonyeza ndiyo. Mara saba."

"Na kwa nini ulibonyeza ndiyo?"

"Iliuliza kwa heshima."

Yebaba wee! Hapo niliacha chai yangu, nikaenda kusimama mlangoni kwao.

Cherehani ikishona vibaya, Munyakazi hulegeza skrubu zote, akaanza upya. Alidhani kompyuta ni cherehani yenye kioo. Lakini Mukabalisa alikuwa ameipanga mashine yake kwa miezi mitano. Nafasi za pembeni mwa karatasi alizipanga. Herufi za Kifaransa zenye alama juu aliziweka kwenye vitufe vya karibu. Akibonyeza vitufe viwili tu, jina la shule lilijiandika lenyewe na mistari ya majibu ikajichora. Sasa alibonyeza. Hakuna kitu. Alibonyeza tena kwa hasira, na bado hakuna kitu.

Na kazi ilikuwa mezani. Shule ya pale juu ilimpa mitihani saba ya muhula. Mitatu ilikuwa tayari, minne bado. Mwalimu mkuu alisema wazi: "Jumanne saa sita mchana, yote saba, na yote sura moja. La sivyo, kazi hii inakwenda kwa watu wa mjini na hairudi."

 Mukabalisa alikwenda kwenye ukuta wa mumewe. Pale kwenye misumari zilining'inia patroni, vile vipande vya karatasi ambavyo fundi hukatia nguo, kila mteja na yake. Alizishusha zote. Akazitia kwenye gunia, akatoka nalo.

"Patroni zangu! Mama Benon, una wazimu?"

"Nimekusafishia ukuta. Sasa uko mpya."

"Nimezikata miaka tisa!"

"Ningekuuliza kwanza, lakini sikuwa na heshima."

Munyakazi akakaa chini. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa.

Saa sita mchana akafika Daphrose, mwandishi wa kompyuta kwenye ofisi moja mtaa wa Kimihurura. Alifuata gauni lake.

"Gauni halijakatwa," alisema Munyakazi. "Patroni yako imetekwa."

Wakamweleza yote. Daphrose alicheka kidogo, akaona uso wa Mukabalisa, akaacha.

"Sikiliza, Munyakazi. Programu ya kuandikia ni kama cherehani. Ikiharibika, unaweka nyingine. Lakini vipimo alivyovipanga mke wako vimo kwenye faili dogo, peke yake. Hilo faili ndiyo patroni yake. Wewe umeweka faili tupu juu yake."

"Lile langu liko wapi?" aliuliza Mukabalisa.

"Halipo tena. Uliweka nakala kwenye disketi?"

Mukabalisa akatikisa kichwa. Sasa hasira yake ikapata watu wawili wa kugawana: mumewe na yeye mwenyewe.

"Basi tunaanza na karatasi," alisema Daphrose. "Lete mtihani uliokwisha kuchapwa."

Munyakazi aliruka. Alivuta futi yake ya kitambaa shingoni, akailaza juu ya karatasi. "Kushoto, sentimita tatu. Juu, mbili na nusu."

"Pima tena," alisema Mukabalisa. "Sikuamini."

Akapima mara tatu. Mukabalisa aliingiza vipimo kwenye mashine, akapanga vitufe kimoja kimoja, huku Daphrose akiandika kila kitu kwenye daftari. Saa tisa walimaliza.

"Usiandike hata neno moja la mtihani," alisema Daphrose. "Kwanza nakala."

Alimwonyesha faili la mipangilio. Wakalinakili kwenye disketi mbili, wakaandika juu ya kila moja: MIPANGILIO, na tarehe. Munyakazi akachukua moja aiweke vizuri, akaisogeza karibu na sumaku yake ya kuokotea pini.

"Toa mkono!" alipiga kelele Daphrose. "Sumaku inafuta disketi!"

Disketi ya kwanza ilibaki chumbani kwao, kwenye droo, mbali na sumaku na mbali na Munyakazi. Ya pili ililala kwangu, kwenye kopo la majani ya chai. Chumba kikiungua au kikiibiwa, moja inapona. Na gunia la patroni lilikutwa chini ya kitanda changu. Sijui lilifikaje.

Jumanne saa tano na nusu, ile minne ikiwa imechapwa usiku, mwalimu mkuu alipanga mitihani saba juu ya meza. Alitafuta tofauti, hakuiona. Muhula uliofuata akaleta kazi tena.

Miezi miwili baadaye mashine iliugua kweli. Fundi wa kompyuta alikuja na disketi zake kuweka programu upya. Kabla hajatia ya kwanza, Munyakazi alisimama mbele yake na mkasi mkononi.

"We sha, kijana, ngoja! Faili la mipangilio umelinakili?"

"Mzee, programu yenyewe itakuuliza."

"Ndiyo hiyo ninayoiogopa. Inauliza kwa heshima."

Mukabalisa akanakili upya, kwa sababu tangu siku ile alikuwa ameongeza vitufe vitatu. Fundi akamaliza kazi yake. Kisha Mukabalisa akatia disketi, akarudisha faili lake mahali pake, akabonyeza vitufe viwili.

Jina la shule likajiandika. Safari hii chai yangu ilikuwa bado moto.