Wimbo wa Mukandori

"Utoshe ule wimbo, uuondoe, Grégoire! Koko wangu hakukupatia ili uuweke huko!"

"Dada, wewe uliacha masomo, utajua base de données, ile hazina ya mtandaoni, iko nini? Watafiti wa antropolojia njo wanatafutaka mule. Nani atatafuta Mukandori?"

Rafiki yangu Nishimwe alinisimulia haya bila kutabasamu. Mukandori alikuwa bibi yake mzaa mama, aliyefariki Masisi wakati wa kuvuna maharagi. Grégoire, mwanafunzi aliyepanga chumba Kashebere, alikuwa amerekodi wimbo wake wa kulilia maiti. Kwao wimbo huo hauimbwi bure, lazima marehemu atajwe kwa jina. Kwa hiyo, kwa kuwa siku ile hapakuwa na maiti wa kutajwa, kikongwe alinyamaza kila alipofika mahali pa jina, akamwomba Grégoire asiutoe nje. Grégoire akauweka kwenye mtandao kama mali yake.

"Utafute basi, nione," Nishimwe alisema.

Mvua ilikuwa imetia giza chumbani. Grégoire aliandika "kilio" kwenye kompyuta, akabonyeza. Sauti ya Mukandori ikatoka, ikapanda taratibu hadi mahali pa jina. Safari hii haikunyamaza. Ilisema, "Grégoire."

Akaifunga kompyuta kwa kishindo. Wimbo ukaendelea huko nje, ukikaribia pamoja na mlio wa miguu kwenye matope, ukimtaja tena na tena.

"Usifungue, dada, nakuomba!"

Nishimwe alifungua. Mlangoni hapakuonekana mtu, ila giza likasema kwa upole, "Asante, mujukuu wangu. Sasa toka, utuache."