Manjano Machoni mwa Hadiya

Jirani zangu, na ninyi mnaokaa mbali na mtaa wetu wa Mabatini, naomba mnitegee sikio. Habari hii niliiona kwa macho yangu, maana ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa jiko la jirani yangu Mwaija. Naye mwenyewe ameniruhusu niisimulie.

Kipupwe kikiingia, upepo wa ziwani hupanda mpaka huku kwetu kwenye kilima cha mawe, na asubuhi watu hutoka wamejitanda kanga na kuvaa masweta. Asubuhi kama hizo uani kwa Mwaija palikuwa pazuri kuliko pote mtaani. Sufuria ya mchaichai na tangawizi ilichemka. Mumewe Salehe, fundi cherehani, alishona sare za shule barazani. Binti yao Hadiya, mtoto wa darasa la tatu, alikaa juani akinywa uji wa ulezi.

Wanawake walikuja mmoja mmoja. Huyu mtoto wake ana mafua, yule mgongo unamsumbua. Mwaija aliwapokea wote. Bibi yake alimfundisha kwamba kila majira yana matunzo yake: wakati wa mvua, vinywaji vya moto na kulala ndani ya chandarua; kiangazi, maji mengi na juisi ya ukwaju; kipupwe, kukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta. Mimi mwenyewe nilikandwa goti pale nikapata nafuu, kwa hiyo msidhani nasimulia kwa dharau.

Ila kulikuwa na neno moja. Mwaija alipenda kusema, "Nyumba yangu haijui foleni ya hospitali." Wanawake walimsifu kwa neno hilo, naye akazidi kulirudia, mpaka likawa kama kiapo.

Na Hadiya alikuwa mgonjwa.

Kila baridi ilipokuja miguu ilimuuma mpaka akalia. Alipokuwa mdogo hata vidole vilikuwa vinavimba. Mama yake alimkanda, akamchua kwa mafuta ya nazi yenye karafuu, akamfunika blanketi. Maumivu yalitulia, na kila yalipotulia Mwaija aliamini kwamba amekwisha kupata jibu. "Ni baridi tu imemwingia kwenye mifupa," alisema. Na yale manjano machoni mwa mtoto? "Hiyo ni nyongo."

Salehe aliyaona yote hayo. Lakini alikuwa miongoni mwa wale wanaume wanaosema mambo ya dawa ni ya mama, kisha wanainamia kazi zao.

Siku moja mwalimu wa Hadiya, aitwaye Gladness, alikuja nyumbani kumwangalia mtoto, kwa kuwa alikuwa haonekani darasani. Alimkuta amelala mkekani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nini kinakuuma?"

"Miguu. Na mgongo."

Mwalimu alimtazama machoni, akageuka. "Mama Hadiya, mpelekeni mtoto akapimwe damu. Nina mdogo wangu, macho yake yalikuwa hivi hivi."

"Nashukuru, mwalimu. Ana nyongo. Namwandalia dawa."

"Sawa, mama. Lakini kupimwa hakuzuii dawa yako."

Pale uani tulikuwepo mimi na wanawake wawili, tumeshika vikombe, tunasikiliza. Naamini tusingekuwepo, jibu lingekuwa jingine.

"Watoto wa watu wanapona mikononi mwangu," Mwaija alisema, akipandisha sauti. "Wa kwangu nimpeleke wapi? Wewe fundisha hesabu, mwalimu. Matunzo niachie mimi."

Cherehani ya Salehe ilinyamaza. Sote tulidhani atasema neno. Akashusha pumzi, akaendelea kushona. Mwalimu aliaga, akaondoka.

Kesho yake Mwaija alichemsha sanamaki. Ni dawa ya kuendesha tumbo, na alikuwa na desturi ya kuwanywesha watu kila majira yanapogeuka, akisema inasafisha damu. Hadiya aliinywa huku akikunja uso. Aliendesha mchana kutwa. Alipoomba maji, mama yake alimpa funda moja tu, akiogopa kuizimua dawa. Jamani, mtoto yule alikauka midomo ikapasuka, na kufikia jioni analia kifua, analia mgongo, hataki hata kuguswa.

Asubuhi alipopewa uji, kijiko kilimponyoka. Akajaribu kukiokota, akashindwa.

"Mama," alisema, na maneno yalitoka mazito, "mkono wangu umelala."

Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja.

Mwaija alishika chupa ya mafuta akaanza kuuchua ule mkono, kutoka begani mpaka vidoleni, haraka haraka, mafuta yakimwagika mkekani. Salehe aliingia, akamwona bintiye.

"Mama Hadiya, acha."

"Damu itarudi. Niletee maji ya moto, itarudi tu."

"Nimesema acha!" Hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. "Nimenyamaza vya kutosha."

Alimbeba mtoto kifuani akateremka naye kwenye mawe. Mimi nilitangulia barabarani kusimamisha bajaji. Mwaija alitufuata peku, mikono ikimetameta mafuta.

Hospitalini Hadiya aliwekewa maji kwenye mshipa, kisha damu. Vipimo vilipotoka, daktari aliyeitwa Revocatus aliwakalisha wazazi wa Hadiya akawaambia kwamba mtoto ana selimundu, ule ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Aliwaeleza taratibu: chembe za damu zinajipinda mfano wa mundu, zinakwama kwenye mishipa, na pale zinapokwama ndipo panapouma. Baridi inazichochea. Kukosa maji mwilini kunazichochea zaidi. Safari hii zilikwama kwenye ubongo.

"Na dawa niliyompa?" Mwaija aliuliza.

"Kumkanda kulimsaidia, mama. Kumfunika na kumpa uji kulimsaidia. Lakini kumuendesha kulimaliza maji, na damu yake haivumilii kiu. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu peke yake. Ila ilimdhuru."

"Kwa hiyo nimemuua mwanangu."

"Hajafa. Ulikuwa unauguza ugonjwa usioujua. Sasa unaujua."

Salehe aliuliza ugonjwa huo umetoka upande gani. Daktari alijibu, "Kwenu wote wawili. Kila mmoja amempa nusu."

Hapo Mwaija alimkumbuka mwanawe wa kwanza. Kabla ya Hadiya walikuwa wamezaa mtoto wa kiume, Abdillah, aliyefariki angali anajifunza kutembea, mwili umepauka kama karatasi. Ndugu walisema ni kijicho cha watu, na habari ikaishia hapo.

"Daktari," alisema polepole, "na yule wa kwanza?"

"Mama, mtoto ambaye sikumpima siwezi kumsemea."

Mwaija aliteleza kwenye benchi akakaa sakafuni. Salehe alikaa chini pembeni yake. Hawakulaumiana, na hilo nalihesabu kuwa jambo kubwa.

Hadiya alirudi nyumbani. Maneno yake yalinyooka, mdomo ukakaa sawa. Mkono wa kulia haukurudi kama zamani. Sasa anajifunza kuandika kwa wa kushoto. Kila mwezi huenda kliniki, na vidonge vyake havinywi kwa kusukumwa. Baridi ikija mama yake bado anamkanda, bado anampikia uji, na chupa ya maji haimwachi hata darasani.

Mvua za vuli zilipoanza, alikuja Ng'washi, mama wa Kisukuma anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni kule Kirumba, akiwa na mjukuu mgongoni.

"Mama Hadiya, huyu anachemka, na macho yamebadilika. Nipe ile sanamaki."

Ua ulikuwa umejaa wanawake. Mwaija aliweka mwiko chini.

"Sikupi, mayo," alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwaka jana si ulinipa?"

"Mwaka jana nilikuwa nabahatisha. Jamani, nisikilizeni wote. Mkono wa Hadiya umelemaa kwa sababu mimi nilimchelewesha. Mwalimu aliniambia, nikaona aibu mbele ya watu kusema sijui. Mjukuu wako akapimwe kwanza. Akirudi, nitamtunza pamoja nawe."

Ng'washi alisita. "Mimi hospitali naiogopa, mwanangu. Nitaenda na nani?"

"Na mimi."

Alivaa baibui, akampokea mtoto, wakateremka pamoja. Mtoto alikutwa na malaria, akatibiwa akapona. Mwanamke mmoja alisema Mwaija ameharibiwa na madaktari, akaondoka na hajarudi tena. Wengine tulibaki, tukaipua sufuria kabla chai haijafurika.

Funzo

Ndugu zangu, matunzo ya nyumbani ni neema, na kuyafuata kwa majira ni busara waliyotuachia wazee. Msiyatupe. Lakini kutuliza maumivu si kuujua ugonjwa. Maumivu yanayorudi kila mwaka yanataka kupimwa, na macho ya manjano yanataka kupimwa leo. Mama, usione haya kusema hujui. Baba, ukiona jambo lisilo sawa kwa mwanao, usiliachie kinywa cha mwenzako. Ukimya wako nao ni uamuzi. Na sisi tunaokaa uani na vikombe mkononi, tupunguze sifa. Mwaija hakukosa upendo wala maarifa. Tulimsifu mpaka akashindwa kuomba msaada, na aliyelipa ni mtoto.