Usimkimbilie, Usimwache

Kiema alikuwa akitafuta shati kwenye mitumba ya soko la Kitui, katikati ya kelele na vumbi, pale msichana mwenye gauni la rangi ya haradali alipomsukumia kioo mikononi bila hata salamu.

"Ebu nishikie. Inua kidogo. Wewe, si huko!"

"Nani alikuambia mimi ni wa kushika vioo?"

"Uko na mikono mirefu. Hii blauzi inanikaa ama nadanganywa?"

"Inakukaa vibaya sana. Nunua, nikuone nayo tena."

Alicheka mpaka mwenye mitumba naye akacheka. Aliitwa Kavata, alikuwa na saluni pale mjini, na kwao ni Kalamba. Kiema, muuza ndengu wa Tawa, alirudi nyumbani bila shati lakini na namba ya simu, akijiona mwenye bahati kuliko wanaume wote wa Makueni.

Masikini, hakujua! Asubuhi aliitwa mwendwa wangu. Akichelewa kupokea simu kwa sababu anapima ndengu, jioni yeye ni mwongo, ana mwanamke mwingine, na ameblokiwa. Kiema angefunga duka, apande pikipiki na kuku wa kukaanga mkononi, aombe msamaha wa kosa asilolijua. Kavata angelia, amkumbatie, na wiki ijayo mambo ni yale yale. Mtu mwingine angeshatoroka.

Lakini Kavata hakumficha kitu. Alimwambia mwenyewe kwamba kila Alhamisi anaenda kwa Daktari Wacuka, mtaalamu wa saikolojia, kwa sababu ya tatizo la haiba, lile la hisia kumzidi nguvu. Hofu ya kuachwa ikimshika, anawaacha watu kabla hawajamwacha. Mamake alikuwa amempeleka kwenye maombi mara nyingi. Kavata alianguka huko, akainuliwa, akaendelea kublock watu.

Siku moja daktari aliomba Kiema aje pia, naye Kavata akakubali.

"Akikufukuza, usimkimbilie. Usimwache pia," daktari alisema. "Mwambie utakuja lini, kisha uje siku hiyo."

"Ni hiyo tu?" Kiema aliuliza kwa kero. "Nimetoka Tawa kuambiwa hivyo?"

"Jaribu kwanza, ndiyo uniambie kama ni rahisi."

Walikubaliana kuoana, na Jumamosi ya kupeleka mbuzi wa ntheo ikafika, wale wanaomfanya msichana wa Kikamba awe mke wa mtu. Pikapu ilikuwa imekaribia Kalamba, mbuzi wanalia nyuma, mjomba Ndolo ndani ya koti lake la harusi, simu ilipolia.

"Geuza hao mbuzi," Kavata alisema.

"Kavata, niko na wazee hapa!"

"Daktari anaenda likizo Ijumaa ijayo. Nimekupigia tangu asubuhi hushiki. Nyinyi wote mnaenda! Hata Alhamisi siendi kwake."

"Nilikuwa nafunga mbuzi, mwendwa!"

"Basi oa mbuzi."

Mjomba Ndolo alisikia yote. "Asi! Huyu ni wa kukuaibisha mpaka uzeeni. Nakutafutia mwingine."

Kiema alitamani kulia. Siku nyingine angekuwa ameshaanza kubembeleza. Safari hii akakumbuka maneno ya daktari.

"Nimekasirika, Kavata. Mbuzi nawarudisha na sitakubembeleza. Lakini sikuachi. Alhamisi asubuhi niko mlangoni kwako, nikupeleke kwa daktari."

"Usije!"

"Nitakuja."

Akablokiwa. Siku zile zilimtesa. Alishika ufunguo wa pikipiki mara kwa mara na kuurudisha mezani, akimlaani daktari kwa sauti. Aliogopa kwamba kwa kutoenda anampoteza kabisa.

Alhamisi alibisha. Kavata alifungua, leso kichwani, macho yamevimba.

"Naenda, lakini si kwa sababu yako," alisema akivaa viatu.

"Najua."

Kiema alingoja kwenye benchi la nje hadi Kavata alipotoka akijifuta pua.

"Nimemwambia namchukia kwa kwenda likizo."

"Akasemaje?"

"Ati ni sawa, tutaonana akirudi." Alikaa mbali kidogo naye. "Na wewe je? Sema ukweli."

Kiema alikuwa amechoka kupima maneno.

"Nimechoka na wewe, Kavata. Umeniaibisha mbele ya wazee wangu. Nimechoka vibaya sana."

Kavata alishika mkoba wake, tayari kusimama.

"Kwa hiyo umeniacha."

"Hapana. Nimechoka tu. Nakupenda na nimechoka. Nitaongea na wazee, na wewe utamwomba mjomba msamaha kwa mdomo wako mwenyewe."

Kavata alimtazama, vidole bado kwenye mkoba. Kisha akauweka chini.

"Kumbe mtu anaweza kuchoka na mimi na asiniache?"

Kiema alitaka kumjibu kwa upole, lakini hasira ilikuwa haijamtoka.

"Si unaniona hapa?" akasema.